Viatu vya Owino na Kiapo cha Mwalimu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi, kila likizo inapokaribia tunaulizwa swali lile lile: watoto tuwapeleke wapi? Wenye uwezo hutaja Istanbul na London, na picha zao tunaziona kwenye simu. Sisi huko hatujafika. Mji mkuu tulioutembelea bila ya kupanga ni wa jirani zetu, Kampala, na safari yenyewe ilikuwa ya siku tatu tu. Tumeona tuieleze kama ilivyokuwa, pamoja na aibu yake, kwa sababu faida tuliyoipata imo ndani ya aibu hiyo.

Tunaishi na kusomesha Bukoba, upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria. Tulikuwa tumevuka mpaka kwenda Masaka, Uganda, kwenye nikaha ya binti wa mwalimu mwenzetu. Safari ilikuwa ya watu wanne: sisi, mtoto wetu wa miaka 13, na wanafunzi wetu wawili wakubwa waliotusaidia kubeba zawadi. Jumapili asubuhi tukaenda stendi kutafuta gari la kurudi Mutukula, mpakani. Gari la Mutukula lilikuwa tupu, dereva wake anakunywa chai. Mbele yake kulikuwa na la Kampala, injini inanguruma, kondakta anaita kuwa zimebaki nafasi nne. Mtoto akatuhesabu kwa kidole, kisha akasema, "Baba, sijawahi kuiona Kampala."

Hati za kusafiria bado zilikuwa na siku. Shule zilikuwa zimefungwa. Tukawapigia simu wazazi wa wale vijana wawili, wakaridhia. Tukampigia mama watoto. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, nendeni. Lakini shule inafunguliwa Jumatatu ijayo. Mtoto asirudi hapa bila viatu."

Basi tukapanda.

Njiani watoto waliona mengi. Lukaya gari liliposimama, wauzaji walilikimbilia na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma, wakazipitisha madirishani. Kayabwe abiria mmoja alitunyooshea kidole palipowekwa alama ya mstari wa Ikweta, tukaupita kufumba na kufumbua. Mmoja wa vijana akauliza iwapo kuvuka Ikweta kunabadilisha kibla. Tukamwambia hapana; Makka iko mbali kaskazini, na kwa Bukoba na Kampala kibla ni kaskazini kikielekea mashariki kidogo. Tulifurahi kuulizwa. Mwalimu akiulizwa swali analolijua hujiona mtu mkubwa.

Tulifika Kampala adhuhuri. Tukapata nyumba ya wageni ya bei nafuu, kisha tukapanda kilima cha Old Kampala kuswali katika Msikiti wa Taifa. Ujenzi wa msikiti huo ulianza zama za Idi Amin katika miaka ya 1970, ukakwama miaka mingi, hadi ukakamilishwa kwa msaada wa Libya katika miaka ya 2000. Ndiyo maana watu wengi walizoea kuuita Msikiti wa Gaddafi. Baada ya swala tukalipia kupanda mnara. Sisi tulipoteza hesabu ya ngazi baada ya mia mbili kwa sababu ya pumzi. Watoto walifika juu wakasema ni 304.

Kutoka juu mji wote unaonekana. Tuliwaonyesha kilima cha Kibuli na msikiti wake, uliojengwa katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Tukawaonyesha Namirembe na Rubaga, vilima vya makanisa makuu ya Waanglikana na Wakatoliki. Chini bondeni, karibu na uwanja wa mpira wa Nakivubo, palikuwa na bahari ya mabati na miavuli. Mwongozaji akasema, "Ile ni Owino."

Hapo tukawapa vijana darasa. Tukawaeleza kuwa mwaka 1844, katika zama za Kabaka Ssuuna wa Pili, alifika katika ua wa Kabaka mfanyabiashara aitwaye Ahmed bin Ibrahim, na kwamba inasimuliwa alimkemea Kabaka kwa kuua watu ovyo, akamkumbusha kuwa watu hao wana Muumba. Baadaye Kabaka Mutesa wa Kwanza alifunga Ramadhani na kuamrisha swala. Lakini katika miaka ya 1870 Mutesa huyo huyo aliwaua vijana wengi wa Kiislamu, walipokataa kula nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa. Tuliwaambia pia, bila ya kuficha, kuwa misafara ya pwani haikuwa ya malaika. Wamo waliofanya biashara ya pembe na ya wanadamu wenzao. Tukamaliza kwa maneno haya, na tunayakumbuka vizuri kwa sababu yalitugeukia: "Watu wa nchi hii walimwona Muislamu akiuza majora ya nguo kabla ya kumsikia akisoma Qur'ani. Walimpima kwanza kwa ulimi wake wa sokoni."

Kesho yake, Jumatatu, tukashuka Owino.

Jina la soko katika karatasi ni St. Balikuddembe, kwa kumbukumbu ya Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyeuawa Nakivubo mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mitaani hata hivyo kila mtu husema Owino. Soko lipo tangu mwaka 1971 na wauzaji wake huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Kuna sehemu za mchele na maharage, za dawa za mitishamba, za mafundi cherehani waliojipanga mstari mmoja, na za nguo za mitumba, ambazo Waganda huziita mivumba. Njia ni nyembamba kiasi kwamba wabebaji mizigo hupiga kelele kabla hawajakugonga. Ukivaa kanzu na kofia, huna jina jingine ila moja: "Hajji! Hajji, jangu!" Yaani njoo.

Tulikuta robota likifunguliwa. Nguo hizo watu wa Ulaya na kwingineko huzitoa bure, kisha huchambuliwa, hushindiliwa, hufungwa kwa utepe mgumu, na kusafirishwa kwa meli hadi Mombasa na kwa lori hadi hapa. Mnunuzi wa jumla hulipa robota likiwa limefungwa, na ndani anaweza kukuta mali safi au matambara. Mwanafunzi mmoja akatunong'oneza, "Mwalimu, hii si ndiyo gharar, kuuza kisichojulikana?" Tukamsifu kwa swali lake, tukaahidi kulijadili darasani.

Vijana wakabuni mchezo wa kusoma lebo. Koti hili London, shati lile Paris, fulana ile Copenhagen. "Tumezunguka miji mikuu ya Ulaya bila viza," akasema mmoja. Mtoto wetu akapekua pindo la ndani la lile shati la Paris, akakuta kilebo kidogo kinachosema limeshonwa Bangladesh. Akacheka sana. "Nje Paris, ndani Bangladesh!"

Tukafika kwenye viatu. Viatu vya Owino huoshwa, hujazwa makaratasi vikae umbo, kisha hupigwa rangi mpaka ving'ae. Mama mmoja wa makamo alikuwa na jozi nyeusi ya ngozi iliyomkaa mtoto vizuri, na nafasi kidogo mbele ya kukulia. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, kilichochanganyika na Kiganda, lakini kwenye bei tulielewana vizuri sana.

"Elfu arobaini na tano, Hajji."

"Elfu ishirini, mama."

"Wii! Haki ya Mungu nimenunua thelathini. Wewe mtu wa msikiti unataka niuze kwa hasara?"

Tukavutana hivyo kwa muda, akashuka hadi thelathini na tano. Mfuko wa nje ulikuwa na 25,000. Mfuko wa ndani, chini ya kanzu, ulikuwa na noti nne za elfu hamsini: nauli ya watu wanne na malazi. Tukatoa zile 25,000, tukazitandaza kiganjani, tukasema, "Wallahi mama, hizi ndizo zote nilizonazo. Sina hata shilingi nyingine."

Ndugu msomaji, tunaposema "sisi" hapa wanafunzi hawamo. Ulimi ulioapa ulikuwa mmoja.

Yule mama akautazama mkono, akaitazama kofia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kwa vile umeapa, Hajji. Leta." Akavifunga viatu katika gazeti.

Tukatoka tukiwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Nje tukasimama kwa kijana anayepika rolex, ile chapati inayoviringishiwa mayai. Tukaagiza nne, tukaingiza mkono mfuko wa ndani, tukatoa noti ya elfu hamsini. Mtoto aliitazama noti ile, asiseme kitu. Alikula nusu ya chapati yake ndipo akauliza, kwa adabu kabisa, kama anavyouliza darasani: "Baba, ile Wallahi ya ndani ni aina gani? Ni laghwi?"

Tuliwasomesha mlango huo sisi wenyewe. Laghwi ni kiapo kinachoponyoka ulimini bila ya kukusudiwa. Mun'aqida ni kuapa juu ya jambo litakalokuja. Ghamus ni kuapa juu ya uongo hali unajua ni uongo, na kimeitwa hivyo kwa kuwa humzamisha mwenye nacho. Mtoto alikuwa akitutafutia mlango mwepesi wa kutokea. Tukamjibu, "Ile ilikuwa ya nauli, si ya kununulia." Akasema, "Ndiyo, baba." Vijana wawili wakatazama kando.

Jibu lile lilikuwa baya kuliko kiapo.

Usiku hatukulala vizuri. Tulijitetea kwa kila hoja. Kila mtu sokoni husema hivyo. Yule mama mwenyewe alitaja bei ya juu. Viatu vya mtumba thamani yake nani anaijua? Lakini kila hoja ilitaka tuisahau sura ya yule mama alipoitazama kofia. Alishusha bei kwa sababu ya dini yetu. Tulikuwa tumeuza kitu kisichokuwa chetu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kiapo cha uongo huitoa bidhaa kwa haraka na kuiondolea baraka, na sisi tumelisomesha hilo miaka mingi.

Kifiqhi jambo lilikuwa wazi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kiapo hicho analazimika kutubu na kutoa kafara iliyotajwa katika Suratul Maidah, aya ya 89: kulisha masikini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Lakini toba inayogusa haki ya mja haikamiliki mpaka haki irudi kwake. Na mja mwenyewe alikuwa mmoja kati ya makumi ya maelfu, katika soko tusilolijua, na jina lake hatukuliuliza. Basi la kwetu lilikuwa linaondoka asubuhi na mapema.

Baada ya Alfajiri tukawaeleza watoto: tunarudi Owino kumtafuta yule mama, basi likituacha litakuwa limetuacha. Hatukuongeza neno. Mtoto wetu akaanza kuvaa viatu vyake vya zamani. Vile vipya alivikunja tena katika gazeti lake, akavichukua kwapani.

Tulidhani tunaikumbuka njia. Tuliingia mlango ule ule, tukapinda palipokuwa na mafundi cherehani, tukajikuta kwenye nyanya. Tukarudi, tukatokea kwenye mikoba ya kike. Kila kibanda cha viatu kilifanana na chenzake. Jana tulitembea kama watalii, macho yakiruka ruka. Siku ya pili tulilazimika kuzitazama nyuso za watu mmoja mmoja, na hapo ndipo tulipoiona Owino. Tulimwona mzee anayeziba matundu ya soksi kwa sindano, na binti anayesoma kitabu cha shule chini ya meza ya mama yake. Kulikuwa na mbebaji mizigo aliyeswali Dhuha juu ya gunia tupu, kisha akalibeba gunia hilo hilo likiwa limejaa.

Saa nne asubuhi basi letu lilikuwa limeshaondoka. Miguu iliuma. Muuza mikanda mmoja, Mkongo kutoka Bukavu, alisikia tukizungumza Kiswahili akatuita, "Muzee, munatafuta nani?" Tukamweleza. Akautazama ule mfungo wa gazeti, akauliza maswali kama hakimu: mama mnene au mwembamba? Ana mwanya? Viatu vyake ni vya watoto watupu? Kisha akamtuma kijana wake atuongoze. Tukapita vichochoro vitatu, na huyo yuko, anapiga rangi kiatu.

Alipoliona gazeti alisimama. "Hajji, vitu vya Owino havirudishwi!"

Tukamwambia, "Mama, viatu ni vizuri. Tulichokuja kurudisha ni kiapo. Jana tulikuwa na pesa nyingine. Tulikudanganya kwa jina la Mwenyezi Mungu, na mtoto huyu alikuwa anatazama."

Kwanza alicheka, akamwita jirani yake aje asikie. Wakaongea Kiganda kwa haraka, wakacheka wote wawili. Kisha akaacha kucheka. Akaketi, akatuonyesha na sisi benchi. Akasema moto wa mwaka 2009 uliteketeza mali yake yote, akakopa, akaanza tena. Moto wa 2011 ukamkuta tena. Tangu Rais Museveni alipotamka mwaka 2023 kuwa mivumba ipigwe marufuku, kila akilipia mali huwa hana uhakika kama ataimaliza. "Jana Hajji alipoapa, nilisema moyoni huyu ana shida kama mimi. Nikakuachia."

Hatukuwa na la kujibu. Tukatoa shilingi 10,000, ili itimie ile thelathini na tano aliyoishia.

Hakuzipokea. Alimtazama mtoto, kisha akatutazama sisi. "Ngoja. Na mimi niliapa. Nilisema nimenunua thelathini. Nilinunua ishirini." Akajifuta mikono kwa kitambaa. "Tuanze upya. Bila Mungu, bila Haki ya Mungu. Bei tu."

Tukaanza upya. Akasema kodi ya kibanda ni kiasi fulani, rangi na kijana wa kuosha ni kiasi fulani, na mtu lazima ale. Tukasema tunayo nauli, tunaweza kuongeza, tukibana chakula cha njiani. Tukakubaliana 30,000. Tukamwongezea elfu tano, akaikunja akaifunga kwenye ncha ya leso. Hakutupa zawadi, wala hatukumwombea dua ndefu. Aliuliza jina la mtoto, sisi tukauliza lake, akatutajia. Tukamwomba radhi. Akasema, "Imeisha, Hajji. Mvalishe sasa, aondoke navyo miguuni."

Tulipata gari la mchana hadi Masaka, jingine hadi Mutukula, na tukaingia Bukoba saa nne usiku. Chakula chetu cha siku nzima kilikuwa gonja za Lukaya. Wazazi wa wale vijana walikuwa na wasiwasi, tukawaeleza sababu yote, na haikuwa rahisi. Kwa mama watoto ilikuwa vigumu zaidi. Alivigeuza viatu, akavibonyeza ncha, akasema, "Ni vizuri," kisha akauliza, "Na kafara?" Wiki ile tukapima vibaba kumi vya mchele kwa masikini kumi wa mtaani kwetu. Mtoto ndiye aliyevipeleka, nyumba kwa nyumba.

Darasani nako hatukuficha. Tulipofika mlango wa viapo, tuliwataka wale vijana wawili wasimulie, sisi tukakaa kimya pembeni. Wanafunzi hawajatudharau kwa hilo, Alhamdulillah, ila sasa tukipunguziwa bei dukani wao hutuangalia mdomo.

Wazazi wenzetu, tuna neno moja la kuwausia. Ukisafiri na mwanao, karibu au mbali, mji mkuu wa Ulaya au soko la mitumba, atakayoyaona majengoni atayasahau mengi. Mtoto wetu hazikumbuki tena zile ngazi kama zilikuwa 304 au 340. Viatu navyo vilimbana baada ya mwaka, akavirithi mdogo wake. Lakini hadi leo akimsikia mtu nyumbani akisema Wallahi katika jambo dogo, huuliza bila ya kuinua macho kwenye kitabu chake, "Ni ya aina gani hiyo?" Na mara nyingi anayeulizwa ni sisi.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) azilinde ndimi zetu tunapouza na tunaponunua, ambariki yule mama katika kibanda chake, na aliepushe soko lile na moto.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.